Mjadala: Chuo cha umma tukipime kwa waliodahiliwa au kwa waliomaliza?

Wakuu, salaam kutoka Dodoma. Wiki iliyopita nilibishana na kaka mmoja dukani kwangu, hatukumalizana, nikaona nilete hoja hapa. Yeye anasema vyuo vya umma vimepiga hatua, na ushahidi ni majengo na wingi wa wanafunzi. Mimi nasema tuhesabu aliyeingia akatoka na shahada yake kwa wakati. Na kwamba ufaulu, fedha na uongozi, ambavyo kwenye hotuba vinatajwa mbalimbali, kwa mwanafunzi ni kitu kimoja.

Majengo siyabezi. Sisi tuliokuwepo hapa kabla ya 2007 tunaikumbuka Chimwaga ikiwa ukumbi wa mikutano wa CCM, kote pembeni vichaka. Leo pale ni Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa kwa lengo la kubeba wanafunzi 40,000. Mtoto wa mkulima wa Kongwa au Manyoni anasoma bila kulazimika kwenda Dar. Ni jambo kubwa.

Lakini mimi nauza chakula kwenye mtaa wa wapangaji wanafunzi, wa vyuo tofauti, na nina daftari la madeni. Mwaka juzi binti mmoja wa mwaka wa pili alijaza ukurasa mzima: ugali maharage, ugali maharage, sabuni, ugali maharage. Nikimuuliza ananijibu, "Mama nivumilie, matokeo yangu yakipanda bumu litatoka." Sikumwelewa mpaka aliponieleza kwamba bumu ni fedha ya mkopo ya kujikimu, matokeo kupanda ni kuingizwa kwenye mfumo, na mwanafunzi anayeendelea hapewi mkopo wa mwaka mpya hadi chuo kipeleke matokeo yake Bodi ya Mikopo. Kwake somo moja lilikuwa tupu kwenye mfumo. Hakufeli, alama za majaribio hazikuingizwa. Karatasi ya jaribio alikuwa nayo, ameitia kwenye mfuko wa nailoni isiingie vumbi, juu imeandikwa 27 kwa wino mwekundu. Alizunguka nayo wiki sita. Leo mhadhiri kasafiri, kesho mkuu wa idara yuko kikaoni. Wiki zote hizo anakula mara moja kwa siku, kipindi cha asubuhi anasinzia. Muhula ule akapata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia.

Zile sapu zimeandikwa kwa jina lake. Aliyechelewesha alama hajaandikwa popote.

Kaka yangu akasema chuo si chekechea, anayetaka kusoma atasoma. Ni kweli wapo wanaopokea bumu Jumatatu na Ijumaa limeshaishia kwenye simu mpya. Nawajua, na wao wamo kwenye daftari langu. Ila huwezi kuendesha chuo kwa kuwatazama hao tu. Na tukumbuke aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuoni kwa kufeli, deni lake halifutwi. Siku akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, sawasawa na mwenye shahada.

Wengine watasema tatizo ni ruzuku ndogo. Fedha ni kidogo kweli, silipingi hilo. Lakini rudini Mei 2016: zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi walirudishwa nyumbani kutoka hapa Dodoma, na maelezo ya serikali yalikuwa kwamba wahadhiri wameacha kufundisha wakidai malipo. Wakubwa wakishindwa kuelewana kuhusu malipo, anayefungasha begi ni mwanafunzi. Hapo utatenganisha vipi fedha na uongozi?

Pendekezo langu ni hili. Mwenyekiti wa Baraza la chuo cha umma anateuliwa na Rais, kwa hiyo Baraza lina nguvu ya kudai hesabu. Lidai, na litangaze kila mwaka kwa kila ndaki, yaani kila kitivo kikubwa cha chuo: walioanza wangapi, waliomaliza kwa wakati wangapi, walioacha ni kwa sababu gani, na alama zimechelewa siku ngapi. Kuingiza alama kwa wakati hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Kaka akanijibu kwamba ukitangaza waliomaliza, wahadhiri watagawa alama za bure ili ndaki yao ing'are. Hii ni hoja nzito na imenisumbua siku kadhaa. Watahini wa nje, wanaotoka vyuo vingine kukagua usahihishaji, wapo, lakini hawaoni kila karatasi. Ndiyo maana mimi naipa uzito zaidi ile hesabu ya siku za kuchelewa, kwa sababu ukigawa alama bure leo au ukizigawa baada ya wiki sita, siku zinahesabika vilevile.

Binti alinilipa kwa awamu, hadi shilingi ya mwisho. Sapu moja ilimfuata mpaka mwaka uliofuata.

Wahadhiri na mliowahi kukaa kwenye seneti, nawaomba mnijibu bila kunificha: alama zikichelewa, kwenye chuo chenu nani anaitwa kujieleza, na mbele ya nani?