Viti mwendo vya msaada: tuendelee kupokea tu au hela ziende kwa mafundi wetu?

Mpigahodi: Wadau, kila kukicha mheshimiwa yuko kwenye picha anakabidhi viti mwendo, vile vya hospitali vyenye vitairi vidogo mbele. Kile ni cha kusukumwa kwenye marumaru, mtu anaishi Mbagala kwenye mchanga. Si bora hizo hela wapewe mafundi wa hapahapa watengeneze baiskeli za matairi matatu, zile za kupiga pedeli kwa mkono? Mnaonaje?

Babu Kidevu: Wa kupewa hachagui. Na tuseme ukweli, wengine wiki haiishi wameshauza, nimeona kwa macho yangu.

Mama Swaumu: Umeona wapi??? Mwanangu alipewa, tairi la mbele likizama mchangani anapinduka kichwa kichwa, mara beringi ikafa, Kariakoo nzima spea hamna, fundi baiskeli akachomelea akamalizia kabisa. Kipo uani kuku wanatagia. Njoo ununue basi.

Babu Kidevu: Dada usinipandishie, sijakutaja.

Chuma cha Reli: Hata angeuza ni chake. Wewe ukipewa shati na shemeji unaomba kibali kuligawa?

Babu Kidevu: Shati halitoki kwenye kodi yangu.

Chuma cha Reli: Kodi ipi tena, si ulisema ni msaada 😂😂

Fundi Viungo: Mi nimesomea haya mambo TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia pale Moshi. Shida kubwa ni kwamba hawapimi. Kiti kinafuata nyonga na mapaja ya mwenyewe, na lazima kiwe na mto wake, maana asiyehisi kuanzia kiunoni akikalia kile kitambaa kutwa anatoka vidonda, na vidonda vinaua. WHO, Shirika la Afya Duniani, walitoa mwongozo wa viti mwendo tangu 2008.

Kijana wa Gongo la Mboto: Mkuu umeandika kama mtihani. Nambieni ile asilimia kumi ya walemavu halmashauri inaliwa na nani

Mama Swaumu: Kumi ya mapato ya halmashauri ni ya wote, wanawake nne, vijana nne, walemavu mbili. Na ni mkopo! Ukope mguu bandia urudishe na nini

Dereva Magongo: Sisi kikundi chetu tulikopa tukachukua bajaji, inanilishia watoto. Kasheshe ni kuingia mjini. 2017 si mnakumbuka walemavu wa bajaji walivyoandamana Dar kwa kuzuiwa kuingia mjini, polisi wakawatawanya kwa nguvu, mtu wa magongo unamkimbiza aende wapi

Babu Kidevu: Nyie bajaji taa nyekundu kwenu pambo. Juzi mmoja kanikwangulia saiti mira

Dereva Magongo: Umemuuliza kama ni mlemavu au umeona bajaji tu ukajaza? Mzee una chuki wewe

Chuma cha Reli: Kumbe babu ana gari! Ndo maana haujui mchanga wa Mbagala

Babu Kidevu: Gari nimenunua kwa jasho langu sikugawiwa

Mama Swaumu: Haya sasa, yametoka yote

Kijana wa Gongo la Mboto: Dereva, Posta mpaka Muhimbili unachukua ngapi?

Dereva Magongo: Njoo inbox, tunaongea.