Amiga 500 haisomi diski: nitafute draivu kuukuu, nigeuze ya PC au nifunge Gotek?

Mwana_Kikwajuni
Assalaam alaykum. Marehemu ami yangu alirudi kutoka Uingereza na Amiga 500, kompyuta ya nyumbani ya zamani. Tangu afariki iko juu ya kabati, pamoja na kasha la viatu lililojaa diski. Juzi nimeiwasha: ile picha ya mkono ulioshika diski inatokea vizuri, lakini nikitia diski inakwaruza kidogo, kisha kimya. Naona njia tatu: kuagiza draivu kuukuu ya Amiga kutoka nje, kuchomoa draivu ya PC mbovu niigeuze, au kufunga Gotek, kidude kinachokaa mahali pa draivu na kusoma flashi badala ya diski. Nataka ya kudumu, ila baadhi ya diski zina maandishi ya mkono wa ami. Ipi bora?

FundiRedio
Waalaykum salaam. Usinunue kitu bado. Ikiwa hujatia diski, inalia tik, tik? Kama inalia si ugonjwa. Amiga ndivyo inavyochungulia kama diski imeingia. Maana yake mota ya kichwa inatembea na bodi inaelewana na draivu. Mimi nashuku uchafu tu.

Tafuta isopropili (spiriti ya kusafishia) ya asilimia 99 na pamba za masikio. Futa vichwa vyote viwili, cha chini na cha juu, pole pole. Cha juu usikinyanyue kwa pupa, kinashikiliwa na kibati chembamba kama ukucha, kikipinda ndiyo basi tena. Kwenye reli tia tone moja la mafuta ya cherehani. Ile skurubu ndefu inayosukuma kichwa ipake grisi nyeupe, kiasi cha punje ya mtama. Kuna bwana kaniletea yake kaitia mafuta ya nazi! Yalishikana na vumbi mpaka kichwa hakitoki kilipo. Ati, "fundi, si mafuta yote mafuta?"

Kinanda_Malindi
Mnajisumbua. Mimi napiga kinanda kwenye kikundi cha taarab, na kinanda chetu kilikuwa cha flopi, midundo yote humo. Zikaanza kufa moja moja. Ya mwisho ilitukatikia harusini, mama bi harusi keshainuka na noti mkononi anakuja kutunza. Kesho yake tukaagiza Gotek na sijagusa flopi tena. Vidude hivi asili yake ni vya mashine kama vinanda na cherehani za kutarizi. Sony wenyewe waliacha kuuza flopi 2011, wewe utazipata wapi?

FundiRedio
Kweli, lakini Gotek ya kinanda ukiichomeka kwenye Amiga kama ilivyo haitafanya kitu. Programu ya kiwandani inajua mpangilio wa PC tu. Lazima uiingizie programu nyingine, FlashFloppy ya Keir Fraser, nayo ni ya bure. PC hupanga sekta (vipande) 9 kwenye kila treki, yaani kila duara, la diski ya kawaida ya DD, Amiga hupanga 11. Ndiyo maana diski ileile hubeba KB 720 kule na KB 880 huku.

Na hiyo ya kugeuza draivu ya PC, sikushauri. Pini ya 34 na ya 2 hazifanyi kazi moja kwenye PC na kwenye Amiga, namba ya draivu nayo lazima ibadilishwe, na nyingi za miaka ya mwisho hazina hata jampa (kiplagi kidogo cha kubadilishia), ni kulehemu tu. Ukimaliza yote hayo, kitufe cha kutolea diski hakilingani na tundu la Amiga.

Wete_6128
Salamu kutoka Pemba. Mwenzenu nina kompyuta nyingine ya zamani, Amstrad CPC 6128, diski zake za inchi 3, si 3.5, kwa hiyo shukuru. Mkanda wa raba ndani ya draivu uliyeyuka ukawa kama halua iliyosahauliwa juani. Nikaweka wa redio kaseti, mrefu mno, unateleza, na diski inataka mizunguko 300 kwa dakika, haikubali pungufu. Nilipopata wa kipimo chake ikapona.

Baadaye nikataka Gotek. Tahadhari kwa wenye Amstrad: plagi ya umeme wa draivu inafanana kabisa na ya PC, lakini volti 5 na volti 12 zimebadilishana mahali. Sikujua. Gotek ikafuka moshi mwembamba, harufu kama ubani wa bei rahisi.

Bi_Mkunazini
Mwanangu Kikwajuni, hapa watu wanakujibu kuhusu mashine, mimi naziwaza diski. Gotek haisomi diski hata moja ya ami yako. Na draivu kuukuu ya mtu mwengine huenda ikazikataa. Kichwa kikiwa kimekwenda upande kidogo, kimeandika hivyohivyo, na kitasoma hivyohivyo. Draivu iliyoziandika ndiyo inayozijua, kwa hiyo hiyo uliyonayo usiitupe hata ukifunga Gotek.

Draivu ya PC ina kazi yake pia, ila ibaki ilivyo. Iunganishe na Greaseweazle, kibodi kidogo cha USB cha kunakilia diski, kisha kompyuta ya kawaida, itanakili diski za Amiga nzima nzima. Kontrola ya PC, yaani saketi yake inayoendesha draivu, peke yake haiziwezi.

Na kabla ya kutia diski yoyote, sukuma pembeni kifuniko cha bati cha diski, zungusha kitovu kwa kidole, tizama utando kwenye mwanga. Masika yetu huingia mpaka ndani ya kasha. Ukiona ukungu, usiitie. Diski moja chafu huchafua kichwa, na kichwa hicho hukwaruza zinazofuata.

Mwana_Kikwajuni
Nimerudi. Tik tik ilikuwepo tangu mwanzo, na mimi nilidhani ndiyo ubovu wenyewe! Nimefuta vichwa, pamba ya kwanza imetoka rangi ya kahawa. Diski mbili zimefunguka. Moja ni mchezo, ya pili ina barua ami alizokuwa akimwandikia bibi, na moja anauliza kama mwembe wa uani umezaa. Gotek nitaiagiza kwa michezo, draivu hii nimeirudisha mahali pake.

Ya tatu sijaitia. Ina doa jeupe ukubwa wa kifungo cha shati. Bi, niifute mwenyewe?

Bi_Mkunazini
Usiiguse. Itie kwenye mfuko wa karatasi uniletee, tuifungue pamoja kwa wembe taratibu.