Kikundi cha Familia: mikate iliyolala

*Dada Mkubwa 06:41*
Jamani, mikate iliyolala msitupe! Jumamosi tunatengeneza chenga za mkate za Kiitaliano, zile zenye viungo za kufunika chakula kabla ya kukaanga. Nataka vikombe 8. Slesi 3 hadi 4 zinatoa kikombe 1, pigeni hesabu. Nani ana mkate kiasi gani? LEO.

*Dada Mkubwa 09:15*
Watu 11 mmesoma, kimya. Haya. Mkate ukatwe vipande kama kete, utandazwe safu moja kwenye trei, oveni nyuzi 150, dakika 15 hadi 20, ugeuzwe katikati. Utoke ukivunja kipande kinalia hadi ndani. Tunakausha, hatubabui. Ukishakuwa kahawia sasa, kwenye kukaanga utaungua.

*Mjomba 09:52*
Kete za bao au za dhumna?

*Kitindamimba 09:53*
Mjomba hata kete anakula 😂😂

*Dada Mkubwa 10:04*
Acheni mzaha. Mkate wa sukari usiletwe, unaungua upesi.

*Wifi 12:30*
Nina nusu mkate, una doa la kijani pembeni tu. Nikate hapo?

*Dada Mkubwa 12:31*
Tupa wote! Ukungu una nyuzi zinazopenya ndani na huzioni.

*Kaka 12:40*
Mtaalamu wa ukungu kaongea. Lile kopo la mwaka jana tumeshasahau?

*Dada Mkubwa 12:42*
Ulisaga mkate wa moto ukafunga kopo. Mvuke ungetokea wapi?

*Kaka 12:43*
Uliandika "saga haraka". Meseji ninayo.

*Kitindamimba 12:43*
Iweke hapa 🍿

*Wifi 12:50*
Na blenda mtatumia ya nani? Maana yangu haijarudi.

*Dada Mkubwa 15:10*
Viungo kwa vikombe 2 vya chenga, vijiko vya chai: oregano 1, mrehani mkavu 1, parsli kavu 2, kitunguu saumu cha unga 1, kitunguu maji cha unga ½, pilipili manga ½, chumvi ½ tu, mkate una yake. Majani yafikicheni viganjani ndipo yanukie, na yaingie MWISHO. Yakipita oveni yanakuwa machungu. Blenda ibonyezwe kidogo kidogo, ukiiachia unapata unga.

*Shemeji 16:02*
Saumu mbichi je?

*Dada Mkubwa 16:03*
Ina maji, kopo litaoza. Jibini ya Parmesan ndiyo tutachanganya humo humo, kikombe ½.

*Bibi 19:20*
Jibini haikai koponi. Inatiwa siku ya kupika, la sivyo mafuta yake yanachacha. Chenga kavu zikae mwezi, nyingine friza miezi mitatu. Kopo litikiswe kabla ya kuchota, chumvi inazama chini. Na blenda ya watu irudi kwa mwenyewe kabla ya Jumamosi. Sitaki kuisikia tena.

*Kaka 21:47*
Sawa Bibi.

*Dada Mkubwa 21:49*
Sawa Bibi. Kwa hiyo blenda iko kwa nani?

*Mjomba 22:15*
Jumamosi hii au ijayo?

*Dada Mkubwa 22:16*
HII. Mkate uliopatikana hadi sasa ni nusu, nao wa ukungu.

*Mama Mdogo 23:38*
Ndiyo naona meseji. Tusio na oveni?

*Dada Mkubwa 23:40*
Saga kwanza, kisha kikaango kikavu, moto mdogo, koroga bila kuacha dakika 8 hivi. Una mkate?

*Mama Mdogo 23:41*
Nitaangalia kesho.