Ushauri: taa ya eabegi haiwaki kabisa, na nasikia gari lina rikoli. Nifanye nini?

MamaRukia
Asalaam aleikum na hamjambo nyote. Naomba mnisaidie, hili jambo limeninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Nyumbani tu watu sita, twakaa Kisauni. Mwaka jana tulivunja akiba, nikaongeza mkopo wa sako, tukanunua gari la Kijapani la viti saba, la mwaka 2012. Hatukulitoa bandarini wenyewe. Tulilinunua kwa mtu wa hapa hapa Mombasa, naye alilichukua yadi. Modeli siitaji, sitaki kuliharibia jina kabla sijajua ukweli, na gari lenyewe twalipenda. Labeba watoto, labeba nazi tukitoka shamba Kilifi, na kila Jumanne lampeleka mavyaa wangu kliniki.

Sasa binamu yangu aliyeko Uingereza alikuja likizo, akapanda mbele, akaniuliza: "Hili lishafanyiwa rikoli ya Takata?" Sikujua asema nini. Akanieleza kuwa rikoli ni pale mtengenezaji anapoyaita magari aliyokwisha kuyauza yarudi yatengenezwe bure kwa sababu yana kasoro ya hatari, na kwamba eabegi, ile mifuko inayojifura kumlinda mtu gari likigonga, zilizotengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Takata zinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma.

Usiku huo nilikesha nikisoma malalamiko ya wenye magari kama langu. Wengi walia na giaboksi ya CVT, ile otomatiki isiyobadili gia kwa hatua, inayotetemeka gari likianza kuondoka. Wengine walia na mlango wa kuteleza unaokwama. Hayo nitayavumilia. La eabegi ndilo lanitisha, kwa sababu mavyaa ana magoti mabovu, hawezi kupanda nyuma, kwa hivyo hukaa mbele, na uso wake hauko mbali na hiyo dashibodi.

Babake Rukia asema taa ya eabegi haijawahi kuwaka tangu tulinunue, basi eabegi ni nzima. Fundi wetu asema nimwache ang'oe fyuzi, mambo yaishe. Mimi sijui nimsikilize nani.

Fundi_wa_Magongo
Waaleikum salaam dada. Anza na hiyo taa, maana umeandika neno moja lililonishtua: "haijawahi kuwaka".

Kesho asubuhi keti kwenye gari, fungua swichi bila kupiga stata. Tazama dashibodi. Taa ya mtu aliyeketi na duara mbele ya kifua lazima iwake sekunde chache, kisha izime yenyewe. Hapo gari linajipima. Ikiwaka ikabaki, kuna hitilafu ya umeme. Isipowaka hata mara moja, ujue kuna mkono wa mtu umepita pale. Nimefungua dashibodi nikakuta balbu imetolewa, nimekuta utepe mweusi wa umeme umebandikwa juu yake, na nimekuta rezista imeungwa mahali pa eabegi iliyokwisha kulipuka, ili kompyuta idhani bado ipo. Mwuzaji hufanya hivyo gari lipendeze machoni.

Na jaribu honi. Honi ikikataa pamoja na taa ya eabegi, mara nyingi ni ile spairo iliyo chini ya usukani, maana waya za vitu hivi viwili hupita humo. Hiyo hubadilishwa. Lakini asije mtu akapima waya za eabegi kwa mita ya kawaida. Umeme mdogo tu waweza kuifyatua usoni mwake. Lazima betri itolewe kwanza, na asubiri dakika kadhaa umeme uliobaki uishe.

Kijana_wa_Bombolulu
Dada, usijisumbue roho. Magari haya yamejaa Mombasa nzima na hatujasikia mtu ameuawa na eabegi. Ng'oa fyuzi, endeleeni na maisha.

AbuSalma
Ndugu yangu wa Bombolulu, nakuheshimu lakini hapa sikubaliani nawe. Huku kwetu mtu akifa barabarani twasema ajali, twazika. Nani hurudi kufungua usukani akatazama chuma kilipasukaje? Kutosikia kwetu hakutuambii kitu. Malaysia, nchi ya joto na unyevu kama pwani hii, watu wamekufa kwa hizi hizi.

MamaRukia, nikueleze inavyokwenda, ili ukiongea na fundi usibabaishwe. Nyuma ya kila eabegi pana kikopo cha chuma chenye kemikali. Gari likigonga, kemikali inaungua kufumba na kufumbua, inatoa gesi, mfuko unajaa. Takata walitumia naitreti ya amonia. Kemikali hiyo inapenda unyevu, na ikikaa miaka katika joto linalopanda mchana na kushuka usiku, vidonge vyake huharibika. Siku ya ajali, badala ya kuungua kwa kipimo, huungua kwa kasi kupita kiasi. Kikopo kinashindwa kuhimili, kinapasuka, na vipande vyake vinapita kwenye kitambaa cha mfuko hadi kwa aliyeketi mbele yake.

Ndiyo maana Marekani waliigawa nchi kwa kanda, wakatanguliza sehemu za joto na unyevu: Florida, Hawaii, Puerto Rico. Linganisha na gari linaloegeshwa juani Mwembe Tayari mwezi wa Februari, madirisha juu, mwaka baada ya mwaka. Sisi tungekuwa kanda ya kwanza.

Hii si habari ya modeli moja. Honda walianza kuita magari 2008, kisha ikaonekana kuwa Toyota, Nissan, Mazda, Subaru, Mitsubishi, BMW, Ford, wote walinunua vikopo hivyo. Marekani peke yake vilivyoitwa ni kama milioni 67. Takata wenyewe waliomba kufilisika Juni 2017.

Na hili mwambie babake Rukia kwa upole: taa ile hupima waya. Haioni ndani ya kikopo. Hata ingekuwa inawaka na kuzima sawasawa, kikopo kibovu kingeweza kukaa pale kimya. Kwa hivyo una maswali mawili, la taa na la rikoli, na jibu la moja halijibu la pili.

Fyuzi nayo: ukiing'oa, umezima eabegi zote, hata zile nzima, na kwa magari mengi umezima pia kile kifaa kinachokaza mkanda wakati wa kugonga. Wataalamu wenyewe wamewahi kuizima eabegi ya abiria huku wakisubiri spea. Toyota walifanya hivyo Marekani mwaka 2014. Lakini walizima ile moja tu, tena wakamwambia mwenye gari mtu asikae kiti kile. Hawakuzima wakaacha mtu akae.

BintiTudor
Samahani naingilia. Mimi nina mtoto wa miezi saba, kiti chake hutazama nyuma, nami humweka mbele ili nimwone nikiendesha. Hii yanihusu?

AbuSalma
Yakuhusu sana dada, tena leo hii, hata kama gari lako halina rikoli yoyote. Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele ya eabegi inayofanya kazi. Mfuko hutoka kwa nguvu ukapiga mgongo wa kiti, palipo na kichwa chake. Mhamishie nyuma.

KliaBandarini
Mimi nimetoa magari bandarini miaka mingi, acha nisaidie kwa upande wa nambari.

Rikoli haifuati nchi wala mwenye gari. Hufuata nambari ya chesisi. Magari mawili ya modeli moja, ya mwaka mmoja, moja laweza kuwamo na jingine lisiwemo. Fungua logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, uinakili hiyo nambari, kisha uilinganishe na iliyochorwa kwenye gari lenyewe. Zisipolingana, una tatizo jingine kubwa zaidi.

Watu wengi huchukua nambari hiyo wakaiingiza kwenye tovuti ya serikali ya Marekani. Tovuti inaikataa, nao wanafurahi wakidhani gari ni safi. Tovuti ile yataka nambari yenye herufi na tarakimu 17. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana hiyo. Yana herufi na tarakimu za modeli, kistari, kisha tarakimu sita au saba. Ingia tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji mwenyewe, kwenye ukurasa wa rikoli, uandike nambari yako hapo. Simu itakutafsiria maandishi. Itakuonyesha rikoli zilizoitwa kwa gari hilo na kama zimeshafanywa. Soma kila mstari, maana eabegi ya dereva na ya abiria huenda zikawa rikoli mbili tofauti.

Kisha uliza gari liliingia Kenya lini. Kwa kanuni yetu ya miaka minane, la 2012 mwisho wake wa kuingia ulikuwa Desemba 2019. Japani nao, tangu Mei 2018, waliacha kuyapitisha kwenye ukaguzi wa lazima magari yenye eabegi hatari za Takata ambazo hazijabadilishwa. Kama lako lilitoka huko kabla ya hapo, halikukutana na kizuizi hicho. Hata lililotoka baadaye, usilihesabu kuwa salama mpaka uone jibu la nambari yake.

MzeeWaMtwapa
Mwanangu, mimi nilipitia haya. Langu lilikuwa na eabegi ya abiria ambayo haijabadilishwa. Nilikwenda kwa wakala rasmi wa aina ya gari langu na logibuku mkononi, wakakubali kuitengeneza bila malipo, ijapokuwa gari halikuuzwa na wao. Nilisubiri spea wiki saba. Lakini rafiki yangu mwenye gari la aina nyingine alikataliwa na wakala wake mara ya kwanza, akaambiwa "sisi hatukuliingiza hilo". Aliandika barua pepe kwa mtengenezaji Japani, akaambatisha lile jibu la tovuti, ndipo mambo yakasogea. Usiende na maneno matupu. Nenda na karatasi.

Giaboksi nayo, uliza kama ilipata kuwekewa oili yake ya CVT au ilitiwa ya giaboksi ya kawaida. Wengi wanaolalamika wameponzwa na hapo.

Na kuhusu bi mkubwa: mamangu alikuwa na magoti hayo hayo. Tengenezeni kigoda kifupi cha mbao, kipana, chenye mpira chini kisiteleze. Fungua mlango wa kuteleza, sukuma kiti cha safu ya kati nyuma kabisa, apande kwa kigoda akiwa ameshika mkono wa mtu. Siku mbili tatu tu atazoea.

Wakili_Mvita
Kwa ufupi. Ibara ya 46 ya Katiba yampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na malalamiko hupokewa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Ila ujue tofauti: yadi inayofanya biashara ya magari hubanwa zaidi na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa kuliko jirani aliyekuuzia gari lake mwenyewe. Wewe ulinunua kwa mtu binafsi, kwa hivyo mambo yako ni magumu kidogo, lakini ikiwa kuna aliyebandika kitu juu ya taa akijua anaficha kasoro, hilo ni jambo jingine. Piga picha kabla fundi hajagusa chochote, na kila mtu unayemwendea akujibu kwa maandishi.

MamaRukia
Ndugu zangu, nimerudi na majibu, na Mungu awalipe nyote.

Taa: nilifungua swichi kama alivyosema Fundi wa Magongo. Taa zote ziliwaka, ya eabegi haikuwaka. Tulikwenda gereji, nikapiga picha kwanza, dashibodi ikafunguliwa. Kipande cha utepe mweusi, kimekatwa vizuri, kimebandikwa nyuma ya alama ile. Kilipotolewa taa iliwaka na haikuzima. Honi yetu ilikuwa hailii vizuri tangu mwanzo, tukidhani ni uchakavu. Ni spairo. Imeagizwa. Babake Rukia alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniomba radhi, nami nilimwambia hana kosa, hata mimi niliiamini ile taa.

Rikoli: binti yangu mkubwa alikaa na simu akatafsiri. Nambari yetu ilitoa mistari miwili. Eabegi ya dereva imeandikwa ilishabadilishwa huko huko Japani. Ya abiria haijabadilishwa. Ni upande ule ule aliokuwa akikaa mavyaa wangu. Nilipoliona nilianza kutetemeka mikono.

Jumatatu nilikwenda kwa wakala na karatasi. Wa kwanza kunipokea alitaka kunirudisha, nikaomba kuonana na mkubwa wa karakana, nikamwonyesha jibu la tovuti. Amechukua nambari, amenipa barua kuwa spea imeagizwa na haitalipiwa. Siku hawakuniahidi. Mpaka itakapofika, hakuna mtu anayekaa kiti kile, na nimefunga mkanda wake juu ya mto ili watoto wasisahau. Kigoda kimetengenezwa na seremala wa hapa mtaani. Jumanne mavyaa alipanda safu ya kati akiwa amenishika mkono, akapumzika kidogo, akaketi.

Leo asubuhi nimempigia aliyetuuzia. Sikumgombeza. Aapa kuwa naye alilinunua likiwa hivyo. Kumbe nduguye ana gari kama letu, la mwaka ule ule, lafanya teksi ya uwanja wa ndege, na abiria hukaa mbele kutwa. Nimemwambia anitumie nambari ya chesisi. Nangojea.