Stetoskopu ya kazi ya dharura kwenye gari la wagonjwa: Classic, Lightweight au zile za mipira miwili?

MbondeiWaMuheza
Wakuu habari za jioni. Nataka kununua stetoskopu yangu mwenyewe, nimechoka kugombania ya kituo, ukiihitaji haionekani na ikionekana kipira cha sikio moja hakipo. Nimeangalia Littmann Classic III, nikaangalia Lightweight, halafu kuna zile za mipira miwili wanaziita Sprague, bei rahisi sana na boksi lake limejaa vipuri. Ipi inafaa kwa dharura? Mwisho wa mwezi natuma hela Dar.

Dokta_Raskazone
Umeandika nusu mkuu. Wewe ni nesi, tabibu, mkunga au mtu wa huduma ya kwanza? Unakaa na mgonjwa ndani ya gari likiwa linatembea au unapima kabla hamjaondoka? Watu wazima tu au na watoto? Na bajeti je? Bila hayo kila mtu hapa atakutajia anayoivaa yeye.

WajaLeo
Littmann Cardiology IV, funga mjadala. Ninayo miaka mingi, sauti za moyo unazisikia zote mpaka zile za chinichini. Kitu cha kazi usinunue kwa kubana.

SistaMakorora
@WajaLeo kaka yangu wewe uko wodini, feni inazunguka taratibu, mgonjwa katulia. Huyu anaongelea gari. Kwenye gari hakuna mtu anayetafuta sauti ya moyo ya chinichini. Unataka kujua hewa inaingia pande zote mbili au haiingii, kuna mluzi au hakuna, na presha ngapi. Basi. Na Cardiology ni nzito shingoni, bei yake ndo usiseme, na mkiwa kwenye ajali watu wamejaa ukiiweka chini mara moja tu umeaga.

WajaLeo
Sista kuibiwa hata ya bei rahisi inaibiwa. Mi naongelea kusikia.

MbondeiWaMuheza
Samahanini sikueleza. Mimi nesi, kituo chetu kiko upande wa Amani, nasindikiza rufaa kwenda Muheza na nyingine mpaka Bombo, hospitali ya mkoa pale Tanga mjini. Wagonjwa mchanganyiko, kina mama wajawazito wengi, watoto wa kifua, na ajali za bodaboda. Bajeti laki moja na nusu, nikijikaza laki mbili na kidogo. Ndio nakaa nyuma na mgonjwa gari likitembea, na zile kona za kushuka mnazijua.

Nesi_Chumbageni
Mdogo wangu hiyo ya mipira miwili iache kabisa, ngoja nikueleze yaliyonikuta. Niliinunua duka moja silitaji, nikavutiwa na lile boksi, vichwa (kile kipande unachomwekea mgonjwa) vya kubadilisha vya watoto na wakubwa, vipira vya akiba, nikaona hapa nimepata. Na kwenye chumba kimetulia ilikuwa inasikika vizuri tu, sitaisema vibaya kwa hilo. Taabu ilikuja barabarani. Tulikuwa tunampeleka mama wa kifafa cha mimba, kashapewa magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, presha inataka kuangaliwa njia nzima. Gari likiruka kidogo ile mipira inagongana, inasuguana, masikioni unasikia krr krr krr, mshale wa mashine unashuka na mimi sijui hili ni pigo au ni mpira. Napandisha kafu tena, kile kitambaa cha presha cha kufunga mkononi. Mama mkono umeshaanza kumuuma analalamika, dada yake kaniangalia usoni anasubiri niseme neno. Nikaibana mipira yote miwili kwa vidole ikatulia, lakini sasa mkono mmoja umeshika kichwa kwenye kiwiko, wa pili umeshika mipira, wa kufungulia hewa ya kafu nitautoa wapi? Ikabidi yule dada ndo aishike mipira, mtu wa watu hajawahi hata kuingia kwenye gari la wagonjwa, anatetemeka kuliko mgonjwa. Presha nikaipata hivyo hivyo na tulifika salama alhamdulillah, lakini siku ile niliapa. Na haikuishia hapo, mpira ukaanza kupasuka pale unapoingia kwenye chuma maana ilikuwa inaachwa kwenye dashibodi juani, na kile kichwa kilichong'aa kama fedha kikaanza kubanduka rangi, kwa upepo huu wa bahari wa Tanga chuma cha kupaka hakidumu. Nunua ya mpira mmoja mnene na kichwa cha stenlesi.

Dokta_Raskazone
Hapo kwenye mpira ndo penyewe. Mpira mmoja mnene unazuia kelele za nje kuingia, ule mwembamba unapitisha. Zipo zenye njia mbili za hewa ndani ya mpira mmoja, Cardiology iko hivyo, ndo maana sauti nzuri bila kusuguana. Classic III njia ni moja ila mpira ni mnene wa kutosha. Kwa maelezo yako mimi ningeenda Classic III. Upande mkubwa wa watu wazima, mdogo wa watoto, na ule mdogo ukitoa diaframu, ile ngozi ya plastiki, ukaweka ringi unageuka kuwa kengele, yaani upande wa wazi wa sauti nene. Ukigusa kidogo unasikia sauti nene, ukikandamiza unasikia nyembamba, huna haja ya kugeuzageuza gizani.

FundiVifaa
Mbona hakuna anayetaja kampuni ya MDF? Wana waranti ya maisha na vipuri unapewa bure, diaframu, vipira vya masikio, vyote. Littmann jina tu linauza.

SistaMakorora
Waranti ya maisha ukiwa Amani utaidai kwa nani shekhe? Mzigo uende Marekani urudi, nauli nani analipa? Mimi nataka kipira ambacho nikipoteza leo wiki ijayo basi limeniletea kutoka Dar.

FundiVifaa
Sawa lakini usiseme ni mbaya.

SistaMakorora
Sijasema mbaya. Nimesema iko mbali.

DerevaWaSegera
Mi sio daktari, naendesha tu, ila mniruhusu. Hakuna stetoskopu ya kushinda king'ora na injini ya dizeli. Nesi akitaka kusikiliza aniambie, naweka pembeni pakavu, nazima kila kitu, anasikiliza, tunaondoka. Manesi wengi wanaona aibu kunisimamisha, nao kule nyuma wanabahatisha. Semeni tu jamani.

KijanaWaHandeni
Kaka nakuheshimu ila mgonjwa anavuja damu wewe unasimamisha gari ili usikie nini? Kila dakika inamuuma yeye. Ajali kubwa hakuna kusimama.

DerevaWaSegera
Sijasema anayevuja damu. Na hata huyo, kama amebadilika ghafla anahema vibaya, nesi utaendelea kwenda mwendo wa kukata upepo hujui kifuani kuna nini?

KijanaWaHandeni
Kama kapata ajali, kifua kimoja hakinyanyuki, presha imeanguka, anahangaika hewa, hiyo ni hewa imejaa nje ya pafu inakandamiza, unaiona kwa macho na mikono. Stetoskopu ya kuthibitisha tu. Watu wanaitegemea mno.

Dokta_Raskazone
Mko sahihi wote kwa upande wenu ila msimchanganye kijana wa watu. Unasikiliza KABLA gari halijaondoka, hiyo ndo picha yako ya mwanzo. Weka kichwa chini ya kwapa pande zote mbili, sio mbele ya kifua tu, maana mbele sauti ya pafu lisilo na shida inavuka upande wa pili na kukudanganya. Njiani presha ikikataa kusikika acha masikio, tumia vidole: shika mshipa wa kifundo cha mkono, pandisha kafu mpaka upotee, ongeza kama 30, shusha taratibu, pale pigo linaporudi ndo ya juu. Ya chini hutaipata.

Nesi_Chumbageni
Na ndo shida kwa mjamzito dokta. Ya juu ikifika 160 au ya chini ikifika 110, yoyote kati ya hizo ni hatari. Nikikosa ya chini nabaki nusu. Kwa hiyo kwa kina mama mimi naungana na dereva, simamisha.

WajaLeo
Si atumie mashine ya umeme ya presha, anafunga kafu anabonyeza.

Nesi_Chumbageni
Kwenye rafu nayo inapandisha inashusha inapandisha mwisho inaandika kosa. Mtikisiko inauhesabu kama mapigo. Nimeshaitupa pembeni mara ngapi.

MkungaPangani
Jamani huyu kasema wajawazito wengi na hakuna aliyeuliza moyo wa mtoto ataupimaje. Hakikisha kwenye begi kuna fetoskopu ya Pinard, ile kama tarumbeta ndogo, ya mbao au ya aluminiamu. Haina betri, haina mpira wa kupasuka. Mapigo ya mtoto 110 mpaka 160 kwa dakika. Ila hiyo ndo kabisaa gari lazima lisimame, sikio lako liko tumboni kwa mama.

MbondeiWaMuheza
Pinard ipo mama, asante. Sasa hii Lightweight hakuna aliyeigusa. Bei yake naimudu.

SistaMakorora
Lightweight mimi ndo natumia kwenye begi la dharura. Kichwa chake kimechongoka kama tone la maji, kinaingia chini ya kafu vizuri bila kukibana na vidole. Nyepesi, shingoni huisikii. Kwa presha na kusikia hewa inatosha. Ila sitakudanganya, mtoto mchanga mwenye nimonia kwenye kelele naipata kwa taabu, hapo Classic inaipita.

KijanaWaHandeni
Mtoto wa kifua hesabu pumzi kwa dakika nzima na uangalie kifua kinabonyea chini au hakibonyei. Weka na oksimita kidoleni, ile ya kupima oksijeni kwenye damu. Hela ya Cardiology unapata Lightweight na oksimita nzuri na chenji inabaki.

Dokta_Raskazone
Hilo la oksimita naunga mkono. Ila mikono ikiwa ya baridi au mgonjwa kapoteza damu inasoma ovyo, usiachane na masikio.

FundiVifaa
Haya na feki? Soko limejaa. Classic na Cardiology orijino zina namba ya utambulisho (serial namba) imechongwa kwenye chuma cha kichwa, pitisha kucha, haifutiki. Kule Marekani Classic III inazidi dola 100 kabla hujaweka usafiri, kwa hiyo mtu akikupa kwa elfu hamsini eti mpya boksini, mrudishie. Na msishtuke mkiona jina la Solventum kwenye boksi, hiyo ni kampuni iliyojitenga na 3M, waliokuwa wenye Littmann, mwaka 2024 na Littmann iko kwao sasa, sio feki. Nunua duka linalotambulika na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, dai risiti.

WajaLeo
Bajeti yake kwa Classic orijino itakuwa imebana sana basi. Asubiri mwezi mmoja aongeze.

KijanaWaHandeni
Kwa wanaosema bei ndo ubora: daktari Tarek Loubani alipokuwa akifanya kazi Gaza kwenye uhaba wa vifaa, alianzisha stetoskopu ya plastiki inayochapwa kwa printa ya 3D, wanaiita Glia, vipimo vyake vilichapishwa 2018 kwenye jarida la PLOS ONE vikionyesha inakaribiana na Littmann Cardiology III, na gharama ya kuitengeneza haifiki dola 5. Michoro yake iko wazi kwa yeyote. Vyuo vyetu vya ufundi vina nini cha kuwazuia?

FundiVifaa
Hii nitaifuatilia. Printa ziko Dar, plastiki inapatikana. Ila nani ataidhinisha itumike kwa mgonjwa?

SistaMakorora
Mimi nauliza kwa nini nesi anunue kwa mshahara wake. Gari la wagonjwa lingekuwa na stetoskopu yake imefungwa na kamba humohumo.

DerevaWaSegera
Ikifungwa kamba inakaa juani siku nzima, mwezi haujaisha imekuwa ngumu.

Nesi_Chumbageni
Kweli. Mbondei yako usiiache garini. Na usiivae juu ya ngozi, jasho na mafuta ya shingo yanaukausha mpira, vaa juu ya kola. Futa kwa spiriti ya asilimia 70 kila mgonjwa, usiiloweke kwenye maji, na ile jeli ya kusafishia mikono usiipake, ina vitu vinavyoharibu mpira. Kabla hujamwekea mgonjwa gonga kichwa taratibu na ncha ya kidole, usikie upande gani uko wazi. Vipira vya sikio vielekee mbele, puani, na viwe laini vinavyoziba kabisa. Kikiacha nafasi hata Cardiology haikusaidii.

MbondeiWaMuheza
Asanteni sana. Nipo kati ya Classic kwa kuongeza hela, na Lightweight pamoja na oksimita. Swali la mwisho kwa masista, mimi navaa ushungi, vipira navipitisha chini ya kitambaa na kitambaa kinasugua ule mpira, nasikia kelele ileile aliyosema sista wa Chumbageni. Mnafanyaje?

SistaMakorora
Kumbe ni mdogo wetu wa kike na kaka zako wamekuita mkuu uzi mzima. Mimi nimeshonea matundu pembeni usawa wa masikio, yamefunikwa na mkunjo, vipira vinaingia moja kwa moja mpira unabaki nje. Kitambaa kiwe cha kuvutika, kile cha kuteleza kinahama ukiinama.

MkungaPangani
Matundu mimi yalinifumuka baada ya kufua. Sista ulipiga pindo au ulikata tu?

SistaMakorora
Pindo, na uzi wa mashine mara mbili. Ngoja nikitoka zamu nipige picha niweke.