Kundi la Majirani wa Pasiansi, Mwanza: Land Rover ya Bandani

Baba Kulwa: Shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Ile Land Rover Series III fupi ya marehemu mzee nimeitoa turubai leo. Imesimama miaka 11. Betri mpya ninayo, nataka niipige stata jioni nijue kama injini ni nzima.

Mzee Bulugu: Marahaba. Stata iache kwanza.

Fundi Shija: Na usikubali vijana waivute ili iwake. Ringi za pistoni zikiwa zimeshikana na silinda kwa kutu, ukilazimisha zinakatika, au konrodi (mkono unaoshika pistoni) inapinda. Toa plagi zote 4, mimina kila tundu vijiko viwili vya oili ya gia ya otomatiki iliyochanganywa na dizeli, uache siku tatu. Halafu zungusha kwa hendeli, taratibu, robo mzunguko kwa mara moja. Ikigoma ongeza mchanganyiko, usiongeze nguvu.

Baba Kulwa: Hendeli ipo nyuma ya kiti.

Fundi Shija: Vizuri sana. Ila kabla ya kuzungusha fungua tapeti kava, kile kifuniko cha vali juu ya injini. Gonga kila vali kwa mpini wa nyundo wa mbao, iende chini na irudi yenyewe. Vali iliyonata ikisukumwa, fimbo inayoisukuma inapinda. Zikishakuwa huru seti nafasi ya tapeti 0.25 mm zote, za kuingiza na za kutoa. Vali ziko 8, hesabu inayokusaidia ni 9, yaani namba mbili zijumlishwe zifike 9: vali ya 8 ikiwa chini kabisa unaseti ya 1, ya 6 ikiwa chini unaseti ya 3, ya 4 kwa ya 5. Huhitaji kutafuta alama yoyote.

Mama Doto (spea): Baba Kulwa, na oili ya zamani imwage ikiwa baridi, chini ya sampo (bakuli la oili chini ya injini) weka beseni jeupe. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yatatangulia kutoka. Ukiona maji mengi, usirudishe oili mpya kabla ya kuangalia gasketi ya silinda hedi. Pia nusa. Ikinuka petroli, daiframu ya pampu ya petroli imepasuka na ilikuwa inamwagia ndani ya injini.

Baba Kulwa: Oili gani na kiasi gani?

Mama Doto (spea): 20W-50, lita 6 na kidogo cha kujaza filta. Na ukija dukani usiseme tu "spea za Series III". Zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na injini za petroli za mwanzo zina beringi kuu za kranki 3, kuanzia 1980 zina 5. Njoo na namba ya injini imeandikwa kwenye karatasi.

Mzee Bulugu: Mnazungumzia injini tu. Injini inapatikana. Baba Kulwa, bodi ya hiyo gari ni aluminiamu, itang'aa hata ikiwa imekufa. Chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma cha boksi, na inaoza kutoka ndani kwenda nje. Hiyo ilibeba samaki miaka mingi. Maji ya barafu yenye chumvi na damu ya sangara yakiingia kwenye boksi la chesisi hayatoki. Chukua nyundo ndogo sasa hivi, lala chini, gonga kila shubiri. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama boksi la karatasi. Anza na chuma kinachokingama nyuma kabisa, kisha mikono ya pembeni inayoshika bodi, kisha sakafu ya miguu.

Baba Kulwa: Nashuka.

Mama Neema: Samahani wakuu, hivi kwa nini bodi yenyewe inatoboka pale kwenye riveti kama aluminiamu haipati kutu?

Mzee Bulugu: Swali zuri mama. Aluminiamu na chuma vikigusana penye unyevu vinakuwa kama betri, na anayeliwa ni aluminiamu. Ule unga mweupe kando ya riveti ndio huo. Ukirudisha paneli weka kipande cha tyubu ya baiskeli katikati. Na rangi ya kwanza iwe praima ya kung'ata aluminiamu, ya kawaida itabanduka kama ganda.

Fundi Shija: Kupuliza iwe saa nne asubuhi, umande umeshakauka na upepo wa ziwani haujaanza kuleta vumbi na wadudu. Lakini hiyo ni kazi ya miezi ijayo.

Baba Kulwa: [picha] Mkono wa upande wa dereva, ule wa mbele. Nyundo imeingia mpaka kwenye mpini. Vumbi jekundu limemwagika kama pilipili ya kusaga. Upande wa abiria unalia vizuri.

Mzee Bulugu: Huo ndio unaobeba mguu wa ule ukuta kati ya injini na miguu. Ukikosea hapo milango haitafunga tena. Gari ibaki imesimama kwa tairi zake, usiipandishe kwa stendi chini ya chesisi, italegea katikati wakati unakata. Pima kwa futi kamba, pembe hadi pembe, pande zote mbili, uandike. Mkono mpya ufunge kwanza kwa bolti yake kwenye ukuta, ndipo uushike kwa nukta za kuchomelea. Pima tena. Namba zikilingana ndipo uchomelee, sentimita mbili upande huu, mbili upande ule, chuma kisipinde.

Fundi Shija: Na nyaya za taa za nyuma zinapita NDANI ya chesisi. Zivute zitoke, lakini ufunge kamba kwenye ncha ili ikusaidie kuzirudisha. Kabla ya kuchomelea toa betri, chomoa altaneta (mashine ya kuchaji betri). Tanki la petroli liko chini ya kiti, toa ulipeleke mbali, nje ya banda kabisa. Tupu ndilo baya zaidi, limejaa mvuke.

Baba Kulwa: Limekaa tupu miaka yote, harufu haipo.

Fundi Shija: Litoe hivyo hivyo.

Mama Doto (spea): Bati la milimita 2 ndilo saizi ya chesisi yako, na fimbo za kuchomelea za 2.5. Usikubali bati la milimita 1, fundi atalitoboa.

Baba Kulwa: Nimeanza na bolti za tanki. Mbili zimegoma.

Mzee Bulugu: Zikate kwa msumeno wa mkono, ng'wanawane (mwanangu). Grainda inarusha cheche.