Makosa ya fomu katika kusajili bunduki

Ndugu wanajamvi, ninaandaa maombi ya kusajili bunduki. Ni makosa gani hurudisha fomu mara nyingi?

Jibu: Ndugu, nambari ya silaha inakiliwe kutoka kwenye chuma chenyewe, si kwenye risiti ya duka, na umulike kwa tochi, kwa sababu herufi O na sifuri hufanana mno pale maandishi yalipofifia.

Jibu: Naongezea kwamba jina liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, hata kwenye karatasi ya alama za vidole.

Jibu: Wengi hukosea urefu wa mtutu. Baada ya kuhakikisha bunduki haina risasi, funga bolti (kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu), ingiza ufito kwenye mdomo wa mtutu hadi uguse bolti, uweke alama kwenye ufito pale mtutu unapoishia, kisha uutoe na kuupima.